Plagi Mbili za Nyuma

Mjomba Karisa,

Nianze na habari yenyewe, maana hukupenda mtu wa kuzungushazungusha maneno. Boti inatembea. Leo asubuhi boti hiyo, Wacha Waseme yetu, imetoka Idsowe na watu kumi na wanane na magunia ya mchele, imeteremka mpaka Ozi, na jioni imerudi. Moshi hakuna. Injini ni ile ile uliyoifunga kwa mikono yako, ringi ni zile zile, na wale waliokuwa wakisema ulitutilia mzoga ndani ya boti leo wameupanda huo mzoga wakila maembe njia nzima.

Haya, nimeshakwambia. Sasa naweza kutulia nikupe kisa tangu mwanzo.

Naandikia hapa karakana, nimekalia kiti chako. Usinune. Miezi yote hii sikuweza. Nilikuwa nakaa kwenye debe lililopinduliwa na kukiacha kiti kitupu, mpaka mama yangu, dada yako, akaniuliza kama kuna mgeni namngojea. Leo nimekikalia. Kumbe mguu mmoja ni mfupi, ndiyo maana ulikuwa unakaa umeegemea upande kila siku, na mimi nikidhani ni maringo.

Tangu tukuzike mto umepanda mara moja ukashuka. Ulipanda vibaya, ukaingia mashambani, watu wa Garsen wakabaki na boti tu za kuwavusha. Uliposhuka ukaondoka na lile gati la mbao tulilokuwa tukifunga boti ubavu kwa ubavu. Siku hizi pale ni ukingo wa matope ulioinama. Boti huvutwa kichwa kikakaa juu ya tope, mkia ukabaki majini, na abiria hupandia mbele wakishikana mikono. Hilo la ukingo lishike, Mjomba, lina kazi yake huko mbele.

La wateja ndilo halijabadilika. Nimevaa ovaroli, spana mkononi, grisi mpaka sikioni, na mtu anasimama mlangoni ananiuliza, dada, fundi ametoka? Zamani nilikuwa nawajibu kwamba fundi amekwenda kunywa chai, nawe ukiwa nyuma ya gari unacheka. Baada ya kukuzika nikawa nasema tu, niambie shida yako. Wengine waliniambia. Wengine waligeuza pikipiki zao wakaenda.

Sasa nije kwenye injini.

Unajua ilivyopatikana. Gari dogo lilipinduka njia ya Minjila, bodi ikawa chapati, injini ikabaki nzima. Uliifungua yote hapa chini, kipande kwa kipande, ukaipima, ukaifunga tena, tukaishusha kwenye boti ya kikundi kwa magogo na kamba na watu sita. Mjini walitucheka. Walisema injini ya gari ndani ya maji itatafuta barabara. Ukawajibu kwamba injini haina macho, haijui imewekwa kwenye nini. Jibu lilikuwa tamu na watu walicheka upande wako, lakini hapo hukusema kweli yote, na ulijua. Nitakwambia.

Ilifanya kazi miezi mitatu bila kukohoa. Halafu wewe ndiye uliyeanza kukohoa. Jumatatu tulikupeleka hospitali ya Hola, njia nzima ukilalamika kwamba spana ya kumi na mbili imepotea. Alhamisi tukakurudisha. Kwenye matanga sikulia, kulikuwa na maji ya kuchota na watu wa kulisha. Wiki mbili baadaye nikashika koti lako nilifue, nikaikuta ile spana mfukoni. Hapo ndipo nilipolia, Mjomba. Nililia mpaka mama akaja mbio akidhani nimekatwa na kitu. Spana nimeirudisha mahali pake.

Moshi ulianza mto uliposhuka. Moshi wa buluu, mzito, wenye ile harufu ya oili iliyoungua. Halafu injini ikaanza kukosa nguvu, ikawa inakwenda kama mtu anayechechemea. Nahodha Shee, huyu mzee wako wa Kipini ambaye ulikuwa ukisema anaogopa injini kuliko mamba, akanunua plagi mpya nne, akazifunga. Siku mbili boti ikawa salama. Siku ya tatu plagi zikachafuka tena, na boti ikazimika katikati ya mto ikiwa na mama mja mzito anayepelekwa hospitali. Waliivuta kwa mtumbwi. Mama alijifungua salama, mtoto wa kike, lakini toka siku hiyo watu hawakuwa na utani tena na ile boti.

Kikundi hakikuniita mimi. Kilimwita fundi kutoka Malindi, na fundi akaja na shati jeupe. Shati jeupe, Mjomba, la kufungulia injini! Akafunua sanduku la injini, akachomoa plagi moja, akaitazama, akainusa, akaipangusa. Akasema maneno haya, na nimeyashika yote: "Oili kwenye plagi ni ringi za pistoni zimekwisha, haziizuii tena. Injini hii ilikufa kabla haijafungwa humu. Aliyewafungia aliwaficha."

Aliyewafungia ni wewe. Fundi hajanawa mikono, maneno yameshafika Garsen. Nikienda duka la spea, mtu ananipa pole ya msiba, halafu anaongeza, lakini mzee naye. Lakini mzee naye! Hasira zangu unazijua. Nilimjibu mmoja vibaya, nikarudi hapa nikatupa ndoo ukutani. Ndoo imepasuka, ni ile ya kijani, samahani. Wewe umelala shambani kwako, huwezi kuinuka ukajibu, na kila aliyewahi kununuliwa chai na wewe sasa anajua ulivyokuwa tapeli.

Mama Maro, mwenyekiti wa kikundi, alitangaza kwamba Jumamosi injini itanyanyuliwa, itauzwa vyuma chakavu, na watatafuta mashine ya kuning'iniza nyuma. Nilimwendea nyumbani Jumanne. Alikuwa anapeta mchele, hakuinua hata uso. Nikamwomba aniachie boti niipime mimi. Akaniuliza, "Kadzo, unatafuta ugonjwa wa injini, au unamtetea mjomba wako?" Nikamwambia yote mawili. Aliendelea kupeta mpaka nikadhani amenisahau, halafu akasema nina mpaka Jumamosi.

Jumatano nikashuka mtoni na gazeti na kalamu. Nilifanya ulivyonifundisha. Unakumbuka ile siku ulinifunga macho kwa leso ya mke wako, ukanipa plagi moja moja ninuse, nikwambie hii ina petroli, hii ina oili, hii ni masizi tu? Nilikosa nyingi, ukacheka mpaka ukashika mbavu. Halafu ukanambia kwamba plagi ni ulimi wa injini, na daktari haandiki dawa kabla ya kumwambia mgonjwa atoe ulimi. Na ukanipa ile sheria yako, kwamba plagi zichomolewe zote na zipangwe kwa namba, kwa sababu plagi isiyo na namba ni msumari tu.

Nikazichomoa zote. Nikazipanga kwenye gazeti, ya kwanza ile ya mbele kabisa, ya nne ile ya nyuma. Ya kwanza na ya pili zilikuwa kavu, rangi ya biskuti iliyochovywa chai, plagi za injini yenye afya. Ya tatu na ya nne zilikuwa nyeusi, zimelowa, zinang'aa. Nikazipangusa kwenye gazeti nikangoja. Petroli ingekauka. Lile doa halikukauka, lilitambaa. Oili.

Nikaelewa alichofanya bwana shati jeupe. Sanduku la injini mfuniko wake unafunguka kwa nyuma, na yeye alichomoa plagi iliyokuwa karibu na mkono wake. Moja tu. Hakujua kwamba mbele kuna mbili kavu. Debe tupu haliachi kuvuma.

Lakini kujua mwenzako amekosea si kupata jibu. Nikaizungusha injini bila plagi iteme oili iliyojaa ndani, nikafunga geji yako ya kupimia nguvu ya silinda. Zote nne sindano ilisimama karibu mahali pamoja. Nikatia kijiko cha oili kwenye ile ya tatu na ya nne, nikapima tena. Ringi zingekuwa zimekwisha, sindano ingepanda, maana oili ingeziba pengo. Haikupanda. Kwa hiyo ringi ni nzima, nikafurahi nikajiambia ni vile vizibo vya mpira vya valvu vinavyopitisha oili. Alhamisi kutwa nikavibadilisha, mgongo ukakatika, nikawasha. Moshi ule ule, plagi mbili zile zile.

Hapa nikwambie jambo ambalo ningeweza kulinyamazia. Nikitoka mtoni jioni ile, nilikushuku. Nilijiuliza, labda ulijua. Labda kikundi kilikuwa na haraka, nawe ukaona injini itasukuma mwaka mmoja, ukaifunga hivyo hivyo. Niliwaza hivyo tangu mtoni mpaka mlangoni kwa mama. Nisamehe, Mjomba. Nilikuwa nimechoka.

Ijumaa nilirudi mapema ili nione injini inavyowaka ikiwa baridi. Boti ilikuwa pale, kichwa juu ya tope. Shee alikuwa ameshapanda na kitambaa chake na chupa ya oili. Akachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena, akatikisa kichwa, akamimina oili ndani. Nilikuwa nimesimama na matope mpaka kwenye vifundo vya miguu, na kitu kikawa kinanigonga kichwani nisijue ni nini. Nikamwuliza huwa anafanya hivyo mara ngapi.

"Kila asubuhi, mwanangu," akasema. "Marehemu alinambia, Shee, usiwashe kabla ya kupima. Sijakosa hata siku moja."

Alisema kwa fahari kabisa. Nikamwuliza kama oili huwa pungufu. Akasema hupungua kila siku, injini hii yanywa oili kama ngamia, na yeye huijaza kila siku mpaka alama ya juu, kama ulivyomwamuru.

Nikamwambia tuisukume boti majini. Akakataa, abiria watalowa miguu. Nikamwambia walowe. Tukaisukuma, wawili watatu wakatusaidia, boti ikakaa sawa juu ya maji. Tukangoja kiasi cha mtu kumaliza kikombe cha chai, oili itulie. Nikachomoa dipstiki. Mjomba, oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa vidole viwili!

Nilicheka peke yangu. Shee akadhani nimerukwa na akili. Lakini wewe umeshaona, sivyo? Kijiti kiko upande wa mbele wa injini. Boti ikiinua kichwa juu ya tope, oili yote inakimbilia nyuma, kijiti kinagusa patupu. Shee anaona pungufu, anaongeza. Kesho yake anaona pungufu, anaongeza. Oili ikawa imejaa kule nyuma mpaka krenki inaipiga ikizunguka, inairusha kwenye kuta za silinda ya tatu na ya nne, nyingi kuliko ringi zinavyoweza kuikwangua. Ringi nzima, injini nzima, na mzee mwaminifu anaizamisha kidogo kidogo kwa kutii agizo lako. Ulipokuwa hai gati lilikuwepo, boti ilikuwa ikipimwa ikiwa majini, na hakuna aliyefikiria kuna siku itapimwa imelala kwenye mlima.

Kicheko hakikumalizika. Nilitupa macho kwenye dipstiki tena na nikaona ni safi. Alama mbili za kiwandani, basi. Yako haikuwepo.

Maana injini inajua imewekwa kwenye nini, Mjomba, na wewe ulijua hivyo. Hata majini, ndani ya boti imelala mkia chini, kwa sababu ya mhimili unaoshuka kwenda kwenye rafadha inayosukuma boti. Ndiyo maana ulichukua tupa ukachonga alama yako chini ya zile za kiwandani, ukanionyesha, ukasema, "Alama za gari ni za gari. Hii ni boti." Mafuriko yalipokuja dipstiki ile ilikatika kishikio. Shee alinijia mbio na mimi nilikuwa na jenereta ya mtu mezani. Nikainama kwenye vyuma chakavu, nikachomoa dipstiki ya injini kama ile, nikampa. Haikunichukua hata dakika mbili. Alama sikuichonga. Neno sikumwambia. Mimi, Mjomba. Uliyenifundisha miaka tisa.

Nikakaa chini mle botini. Shee aliniuliza kama naumwa.

Nilirudi hapa nikamwaga lile kopo lako la vitu vilivyovunjika, ambalo nimekusema sana kwa ajili yake, na kile kijiti kilichokatika kilikuwemo, na alama yako iko pale pale. Nikaviweka vijiti viwili sambamba kwenye jiliwa, nikachonga. Alama imetoka imepinda kidogo. Tukavuta oili iliyozidi kwa mpira kupitia tundu la dipstiki. Ilijaza chupa ya lita mbili na kubaki. Nikasafisha plagi kwa petroli na brashi, tukaiendesha kupanda mto. Nusu saa ya kwanza moshi ulikuwepo, ile oili ya zamani ikiungua. Halafu ukapungua. Halafu Shee akageuka nyuma, akatazama maji, akanitazama mimi, akaanza kuimba.

Jumamosi watu walijaa ukingoni. Fundi wa Malindi alikuja na mnyororo wake wa kunyanyulia injini, na shati jeupe jingine. Mama Maro akanipa nafasi ya kusema. Nikaeleza plagi mbili kavu na mbili zilizolowa, nikaeleza geji, nikaeleza ukingo na oili inavyokimbilia nyuma. Walinifuata vizuri, maana kila mtu pale ameona maji yanavyokaa kwenye mtumbwi ulioinama. Nilipomaliza, fundi akasema basi, kama ni hivyo, kosa ni la nahodha, mzee hajui kupima oili na amewaharibia boti.

Watu wote wakageuka kumtazama Shee. Shee akavua kofia yake. Akaishika mikononi akiigeuzageuza.

Na pale, Mjomba, njia ilikuwa nyeupe mbele yangu. Jina lako limeshasafika. Langu limeshapanda. Kilichotakiwa ni ninyamaze tu, mzee mmoja wa Kipini abebe lawama, na hata yeye mwenyewe angekubali, maana tayari alikuwa ameamini ni kosa lake. Nikafikiria wale wateja wanaouliza fundi yuko wapi. Nikijisema leo, nani ataniletea hata pampu ya baiskeli? Nikawaza, hivi ndivyo walivyomfanya mjomba wangu, walimtupia asiyeweza kujibu. Mficha uchi hazai.

Nikasema, "Nahodha hana kosa. Dipstiki hiyo nilimpa mimi. Marehemu alikuwa ameweka alama ya boti hii, mimi nikampa kijiti kisicho na alama, wala sikumwambia apimie majini. Aliyekosea ni mimi."

Mtu mmoja huko nyuma akasema si tulisema, mambo ya injini si ya wanawake. Wengine wakaguna. Nikaona kichwa cha mama yangu kimeinama. Nikawaambia wasiniamini mimi, waamini plagi. Wapande boti, tuiendeshe saa nzima, na fundi mwenyewe azichomoe, zote nne, kwa mkono wake.

Walipanda. Hata yule wa mambo ya wanawake alipanda, na alikuwa wa kwanza kugombania kiti cha mbele. Tulikwenda saa nzima, tukapishana na viboko, na Mama Maro alikaa nyuma kabisa ameegemea sanduku la injini, macho kwenye maji tunayoyaacha.

Tuliporudi fundi alichomoa plagi moja moja. Nikamlazimisha azipange kwa namba kwenye gazeti langu. Ya kwanza biskuti. Ya pili biskuti. Ya tatu aliishika muda mrefu kidogo. Ya nne aliigeuza, akainusa, halafu, na hili nitawasimulia wajukuu, akaipangusa kwenye mkono wa shati lake jeupe. Lilitoka vumbi la kijivu tu. Akalipuliza likaruka.

Nilidhani atatafuta maneno. Badala yake akanitazama, akawatazama watu, akasema, "Ringi ni nzima. Siku ile nilichomoa moja tu. Nami nimekosa." Nadhani asingelisema kama nisingelianza mimi. Nimempunguzia hasira, Mjomba. Si zote.

Mama Maro akasimama. Unajua sauti yake, haipandi. Akasema, "Marehemu hakutuficha kitu. Mnyororo urudi Malindi. Na boti hii kuanzia leo fundi wake ni Kadzo. Fundi asiyekosa mimi simjui, lakini anayesema nimekosa mbele ya mkutano, ndio kwanza namwona."

Vigelegele vilipigwa, Mjomba! Mama yangu alipiga cha kwanza, kirefu, mpaka nikaona aibu. Mimi nikaingiza kichwa ndani ya sanduku la injini nikajifanya nakaza nati, nikalia humo humo na harufu ya oili puani. Shee alikuja akaniwekea mkono begani, akaniuliza kama bado anaruhusiwa kupima kila asubuhi. Nikamwambia apime, lakini boti ikiwa majini, na akiona iko kwenye alama asiongeze hata tone. Akaniapia.

Leo tulipokuwa tukiteremka kwenda Ozi tumepita shamba lako. Kaburi linaonekana kutoka mtoni, dada zangu wamelizungushia mawe meupe. Sikumwambia Shee kitu, lakini alipunguza mwendo mwenyewe, injini ikawa inakwenda polepole, safi, silinda zote nne zinaitikiana. Yule wa duka la spea, wa lakini mzee naye, alikuwemo. Amevua kofia. Nimemwona, na sikumwambia neno, na ujue ilivyoniwia vigumu.

Kesho kuna watu wawili wanakuja na boti yao kutoka Kipini. Wamemwuliza Shee fundi yuko wapi, na Shee amewaelekeza hapa.

Basi pumzika, Mjomba wangu. Sitakuahidi kwamba sitakosea, ungenicheka. Nakuahidi moja, nalo nitalishika mpaka wanilaze ubavuni mwako: nikikosa nitasimama nalo mwenyewe mbele za watu, na kosa langu halitalala tena juu ya kaburi lako.

Mpwa wako,
Kadzo